Mlenda si maji

Nimekuwa kimya kwa sababu ya majaribio, lakini leo nimetoka semina nikiwa na donge rohoni na lazima nilitoe.

Swali lilikuwa hivi: namba ya Reynolds ikiwa chini ya 1, mtiririko utakuwaje? Jibu la kwenye madesa: umetulia, basi. Mimi nikaandika inategemea ni kimiminika gani. Alama mbili zikakatwa. Nilipotaja mlenda darasa zima likacheka, mkufunzi akasema tusimletee mambo ya jikoni.

Jikoni ndiko kwenyewe! Nyanyua mwiko kutoka kwenye sufuria ya mlenda: uzi unavutika, ukikatika unajirudi. Maji hayafanyi hivyo. Reynolds mwenyewe, mwaka 1883 kule Manchester, alitumia maji kwenye mabomba ya kioo, na namba yake inalinganisha msukumo wa mwendo na mnato tu. Kuvutika na kurudi hakumo kabisa. Sasa inatoaje hukumu kwa kitu isichokipima?

Mwaka 2000 Groisman na Steinberg walitia polima kidogo mno kwenye shira ya sukari. Namba ya Reynolds ilikuwa ndogo, na bado kimiminika kikavurugika. Molekuli ndefu za polima zikipitishwa kwenye kona zinavutika kama mpira wa manati na kukaza kuelekea ndani. Kasi ikizidi, zinakosa muda wa kulegea. Hapo kipimo ni namba ya Weissenberg, ambayo kwenye madesa yetu haipo hata kwa bahati mbaya. Mwaka 2001 wakaonyesha vurugu hiyo inachanganya vimiminika kwenye mfereji wenye kona nyingi, na 2004 ikaonekana hata kwenye kifereji cha maikromita 100.

Mtasema hayo ni ya PhD. Hapana jamani! Kuna vifaa vya kupima tone la damu au mate kwa kulipitisha kwenye vifereji vya namna hiyo, na mate yanavutika, jaribu kwa vidole viwili. Sisemi sheria ni uongo, kwa maji iko sawa. Nasema tunaikariri bila sharti lake, halafu mwezi ujao tunapelekwa mazoezi ya kufundisha tukawakaririshe watoto wa watu.

Kesho narudisha karatasi kwa mkufunzi aisahihishe upya. Na mlenda nabeba, kwenye kopo.