Je, Nyota Njema Huonekana Asubuhi Daima?

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii hupendwa sana na makocha, walimu na wazazi, kwa kuwa humruhusu mtu mzima kutoa hukumu mapema: kijana aliyeanza vyema atafika mbali, na aliyeanza kwa kusuasua hana lake. Katika makala haya nakusudia kuipinga hukumu hiyo kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzifanya mwenyewe, na kwa mfano wa timu moja ya wanafunzi ya mpira wa kikapu.

Timu hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Connecticut, nchini Marekani. Katika msimu wa 2005-06 ilishinda mechi 30 na kushindwa 4 tu. Msimu ulipokwisha, wachezaji wake 5 walichukuliwa na timu za kulipwa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kocha Jim Calhoun alilazimika kuanza msimu wa 2006-07 na kikosi kichanga mno, chenye vijana wengi wa mwaka wa kwanza. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa meta 2.21, ambaye alikuwa amejifunza mchezo huu miaka michache tu kabla ya hapo. Matokeo yakawa ushindi 17 na kushindwa 14. Katika ligi yao ya Big East walishinda mechi 6 tu kati ya 16, na mashindano ya taifa ya vyuo yakawapita.

Timu changa ya namna hii hulaumiwa kwa mambo mawili: kwamba haijui kufunga, na kwamba haitabiriki, leo inang'ara na kesho inazimika. Watazamaji huyachanganya mambo haya na kuyaita uzembe. Mwanasayansi hana budi kuyatenganisha, kwani kila moja lina chanzo chake.

Tuanze na ufungaji. Katika ulinzi, urefu, nguvu na bidii huweza kumfaa mchezaji tangu siku yake ya kwanza. Mashambulizi hayako hivyo. Pasi nzuri hupelekwa mahali ambapo mwenzako hajafika, bali atafika baada ya nusu sekunde. Maarifa hayo si ya mtu mmoja. Ni ya watu wawili wawili waliozoeana. Wachezaji 5 walioko uwanjani hufanya jozi 10, yaani 5 mara 4, gawanya kwa 2. Wakiondoka wawili, jozi zinazosalia ni 3 tu. Kwa maneno mengine, timu iliyopoteza asilimia 40 ya wachezaji wake imepoteza asilimia 70 ya mazoea yake. Wakiondoka wanne, haisalii hata jozi moja.

Takwimu za Thabeet zaonyesha tofauti hiyo ya ulinzi na ufungaji. Katika mwaka wake wa kwanza alizuia, kwa wastani, mitupo 3.8 ya wapinzani katika kila mechi; katika mwaka wa tatu alizuia 4.2. Ni ongezeko dogo. Lakini pointi alizofunga zilipanda kutoka wastani wa 6.2 hadi 13.6 kwa mechi. Ni kweli kwamba dakika zake uwanjani pia ziliongezeka. Hata hivyo dakika hizo ziliongezeka kwa ulinzi na kwa ufungaji sawasawa, na kilichozidi maradufu ni ufungaji pekee.

Sasa tuje katika lawama ya pili, ya kutotabirika. Hapa namwomba msomaji achukue dadu. Tuseme timu hutupa mitupo 21 ya pointi tatu katika kila mechi, na uwezo wake ni kufunga mtupo mmoja kati ya mitatu. Rusha dadu mara 21. Ikionyesha 1 au 2, hesabu kuwa umefunga. Kwa wastani utafunga mara 7. Lakini ukilirudia jaribio hili kwa mechi nyingi, utaona kwamba katika mechi 3 hivi kati ya 4 idadi itakuwa baina ya 5 na 9, na katika zilizosalia itatoka hata nje ya mipaka hiyo. Mitupo 5 ni pointi 15, na mitupo 9 ni pointi 27. Tofauti ni pointi 12, nazo zatosha kabisa kugeuza ushindi kuwa kushindwa. Dadu halikuchoka, halikuvimba kichwa, wala halikumdharau kocha. Uwezo wake ulikuwa ule ule tangu mwanzo hadi mwisho.

Akili ya binadamu huona taabu kukubali jambo hili. Mwaka 1985 Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky walichapisha utafiti uliohusisha wachezaji 26 wa Chuo Kikuu cha Cornell, wanaume kwa wanawake. Walitaka kujua kama mchezaji aliyefunga mfululizo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufunga tena, kama watazamaji wote waaminivyo. Walihitimisha kwamba hakuna ushahidi wa imani hiyo. Lakini mwaka 2018 Joshua Miller na Adam Sanjurjo walionyesha kwamba njia ile ya kukokotoa ilikuwa na kasoro iliyojificha, na kwamba ikirekebishwa dalili fulani huonekana. Ikiwa wataalamu walihitaji zaidi ya miaka 30 kuitambua kasoro katika mitupo iliyoandikwa mmoja mmoja, sisi tunaokaa kando ya uwanja tunapata wapi uhakika wa kumhukumu kijana kwa jioni moja?

Msomaji mwangalifu atauliza: je, bahati haitageuka kuwa kisingizio cha wavivu? Swali ni la haki, na jibu lake ni hesabu ndefu zaidi. Katika msimu wa 2008-09, vijana wengi wale wale wa Connecticut, wakiongezewa wageni kama Kemba Walker, walishinda mechi 31 na kushindwa 5, wakaingia katika timu nne za mwisho za taifa. Kama uwezo wao ungalibaki ule wa 2006-07, wa kushinda asilimia 55 hivi, katika mechi 36 tungalitarajia ushindi 20, pengine 17 au 23. Kupata 31 kwa bahati tupu ni jambo la nadra mno. Basi mechi moja haitwambii mengi, lakini misimu mitatu yatwambia kwamba walijifunza. Mwaka huo huo wa 2009 Thabeet aliteuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wa NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo.

Hesabu hizi hazihusu mpira tu. Mwanafunzi anayeimudu asilimia 60 ya mada akipewa jaribio la maswali 10, atarajiwa kupata 6. Lakini si ajabu akapata 4, wala si ajabu akapata 8. Kwa alama 4 twamwita mzito, kwa alama 8 twamwita hodari, na mtoto ni yule yule. Kwa hiyo nashauri kila shule yenye uwanja iwe na daftari la mitupo, liandikwe na wanafunzi wenyewe kwa muhula mzima, na hesabu zake zifanywe darasani. Kadhalika, mchujo wa timu usifanywe kwa siku moja, wala uwezo wa mwanafunzi usipimwe kwa jaribio moja.

Kosa la hukumu ya haraka lina ubaya wa pekee: halijionyeshi. Tukimwacha katika kikosi kijana asiyefaa, baada ya mechi chache tutajua. Lakini yule tuliyemwondoa Jumatatu baada ya mitupo 10 harudi uwanjani Ijumaa kutuonyesha kwamba tulikosea. Huenda nyumbani akiamini kwamba tulisema kweli, nasi hubaki tukiamini kwamba nyota njema huonekana asubuhi.