Usinunue Kamera ya Cartier-Bresson

Kila nikiandika hapa kuhusu kitabu cha picha, haziishi siku tatu kabla sijaulizwa swali lile lile: "Kaka, nataka kuanza kupiga filamu. Ninunue renjifainda gani?" Nikimuuliza anataka kupiga picha za nini, bado hajajua. Lakini lenzi anaijua. Ameshakesha usiku mzima akisoma, anajua ilitoka mwaka gani na ina vioo vingapi ndani. Kwangu anatafuta baraka tu, kama mtu anayekuja kumuuliza shangazi kuhusu mchumba ilhali mahari imeshapelekwa.

Leo najibu mara moja kwa wote, na najua wapo watakaonuna. Kamera yako ya kwanza isiwe Leica. Isiwe hata kamera ya bei nafuu ya kubadilisha lenzi. Nunua renjifainda ya mtumba yenye lenzi moja isiyotoka, na hela inayobaki yote inunue filamu.

Kwa wasioijua, renjifainda ni kamera ambayo huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kupitia kidirisha kilicho pembeni yake. Katikati ya kidirisha kuna kiraka kidogo chenye taswira ya pili ya kile unachokiona. Unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili zinakuwa moja, hapo umepata fokasi. Kwa kuwa haina kioo cha kupanda na kushuka ndani, haipigi kelele nyingi, na unaendelea kumwona mtu wako hata sekunde ile unayobonyeza. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuwa na kifuniko cha lenzi mbele na wewe usijue. Utaona dunia nzima inang'aa kidirishani, na filamu itatoka tupu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Sisi wasomaji tumeipata Leica kupitia hadithi. Tunajua kwamba Henri Cartier-Bresson aliinunua ya kwake mwaka 1932 kule Marseille. Tunajua alivyoguswa na picha ya Martin Munkácsi ya vijana watatu wakikimbilia majini, ile iliyopata umaarufu kwa jina la Ziwa Tanganyika. Tunajua kitabu chake cha 1952 kilichofanya dunia nzima iseme habari za sekunde ya uamuzi. Hadithi tamu. Lakini tumeisoma kama wale wanaosoma maisha ya mwandishi na kukimbilia kununua kalamu aliyotumia.

Hebu tuitazame upya. Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, sifa yake kubwa ilikuwa udogo. Wapiga picha wengi bado walikuwa wanabeba makamera mazito, na hiki kikaingia kwenye mfuko wa koti. Cartier-Bresson alizifunika sehemu zinazong'aa kwa utepe mweusi ili watu wasimtambue. Leo mtu analipa zaidi ya dola 5,000 kwa Leica M6 mpya, iliyorudishwa sokoni mwaka 2022, bila lenzi, kisha anaivaa kifuani kwenye uzinduzi wa kitabu ili itambulike. Mwenzake alinunua kitu cha kumficha. Huyu amenunua kitu cha kumtangaza. Halafu tuambiwe ni kamera moja!

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Mwaka 1953 Allen Ginsberg alinunua kamera ndogo ya Kodak, ya mtumba, akaanza kuwapiga rafiki zake. Mmoja wao alikuwa Jack Kerouac, ambaye wakati huo alikuwa na riwaya moja tu sokoni. Miaka michache baadaye Kerouac huyo huyo akaandika utangulizi wa The Americans cha Robert Frank, kilichopigwa kwa Leica. Picha za mtumba wa Ginsberg zipo leo kwenye makumbusho, na za Frank zipo. Sijawahi kumsikia mtu akisimama mbele ya Kerouac wa Ginsberg na kusema, "Ingekuwa Leica hapa!"

Na kwa Frank mwenyewe, watu wanahesabu kitu kisichostahili. Wanahesabu lenzi. Mimi nahesabu filamu. Alizunguka Marekani kwa fedha za ufadhili wa Guggenheim, akapiga filamu zaidi ya 700, na kitabu kikatoka na picha 83. Yaani kwa wastani filamu nane au tisa nzima kwa kila picha moja iliyoingia kitabuni. Ukitaka kumwiga Frank, uige hapo. Ufadhili ule ulimpa nafasi ya kukosea.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliangukia shimo hilo. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya jina kubwa. Silitaji, maana kosa halikuwa la kiwanda, lilikuwa langu. Niliweka akiba miezi kumi na minne. Nilipoipata kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, hela ikaisha yote, nikabaki na filamu mbili. Desemba ile nikaenda Pangani kwa bibi yangu, mama yake mama. Bibi alikuwa anasuka ukili barazani kila asubuhi, vidole vinakwenda vyenyewe huku yeye anazungumza na wapita njia. Nikakaa mbele yake na kamera yangu siku tatu. Siku tatu! Nikawa nasubiri mwanga uwe mzuri. Nasubiri ageuke. Kila nikitaka kubonyeza nakumbuka zimebaki picha ngapi.

Siku ya pili bibi akacheka, akaniambia, "Mume wangu, hicho kidude unakiogopa, au unaniogopa mimi?"

Nilimpiga picha nne. Kiraka cha kidirishani kilikuwa kimefifia kwa uzee, na kule kivulini barazani nilikuwa nakisia tu. Wakati wa kununua sikuuliza habari za kiraka, maana jina lilitosha. Bibi alifariki masika yaliyofuata. Filamu ilipokuja kusafishwa, picha zote nne zilikuwa kali sana kwenye ukuta wa nyuma yake. Ukuta ninao mpaka leo, unaweza kuhesabu nyufa za chokaa. Bibi ni ukungu tu wenye khanga.

Kwa hiyo mtu asinijie na ule wimbo wa upande wa pili, eti "kamera haijalishi, jicho ndilo linalopiga picha". Inajalisha! Jicho langu lilikuwa zima siku ile. Kiraka ndicho kilikuwa kibovu. Wanaosema kamera haijalishi mara nyingi ni wale wenye kamera nzuri tayari, kama tajiri anayekuambia hela si kitu. Kamera inajalisha kwa mambo manne matano ya kawaida kabisa, na jina halimo.

Haya, mambo yenyewe.

La kwanza ni kiraka. Elekeza kamera kwenye kitu cha mbali sana, mnara wa simu au mwezi, na uzungushe pete ya lenzi mpaka mwisho. Taswira mbili lazima zilale juu ya nyingine bila kupishana, si kushoto wala kulia, si juu wala chini. Kisha ingia ndani ya nyumba, kwenye kona yenye giza kidogo, uone kama bado unakiona. Kama hukioni, rudisha, hata kama imeandikwa jina la malaika.

La pili ni lenzi. Mulika kwa tochi kutoka upande mmoja, angalia kutoka wa pili. Sisi wa pwani tuna adui anayeitwa kuvu. Unyevu wa Tanga, Zanzibar na Mombasa unaota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na zile kasha za ngozi za zamani watu wanazozisifia ndizo zinazouhifadhi unyevu wenyewe. Kamera ikae mahali penye hewa, au ndani ya chombo cha kufunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

La tatu ni shata. Weka kasi ya polepole kuliko zote, bonyeza, sikiliza. Isikwame katikati. Na hapa ndipo lenzi isiyotoka inapotufaa: shata yake kwa kawaida ni majani madogo ya chuma ndani ya lenzi. Leica za filamu, na zile za Kisovieti kama FED na Zorki, zina shata ya kitambaa, na jua likipita moja kwa moja kwenye lenzi iliyo wazi linaweza kukitoboa kitambaa hicho. Umeiacha mezani saa saba mchana, lenzi imeangalia juu, basi umepata tundu na kila picha itakuwa na nyota yake.

La nne ni betri. Kamera nyingi za miaka ya 60 na 70 zilitengenezewa betri za zebaki ambazo hazitengenezwi tena. Canonet QL17 GIII ya Canon, ya mwaka 1972, bila betri inapoteza mita ya mwanga tu, shata inaendelea kufanya kazi. Yashica Electro 35, iliyoanza 1966, ni kamera nzuri sana lakini inategemea umeme kukupimia kasi, hivyo utahitaji betri mbadala na kifaa cha kuishikiza. Mimi ningechagua Canonet. Ikiwa nzima, kwa kawaida utaipata kati ya dola 100 na 200 hivi. Mwambie fundi abadilishe sponji za mlangoni, maana zile za zamani zinageuka lami na kupitisha mwanga.

Na lenzi? Kuna watu wanaweza kugombana mpaka alfajiri juu ya milimita 35 na milimita 50. Canonet ina milimita 40. Electro ina 45. Waliozitengeneza walikata mzizi wa fitina miaka hamsini iliyopita: kaa katikati, piga kazi. Lenzi zinazobadilika zinakuuzia matumaini. Picha ikikataa unaambiwa ni kwa sababu hukuwa na lenzi ile nyingine. Ukiwa na moja isiyotoka, wa kulaumiwa yuko wazi, na dawa yake ni miguu: sogea au rudi nyuma. Nusu ya kujifunza ni hiyo.

Kuhusu filamu, nitatoa onyo moja la jua letu. Canonet inaishia kasi ya 1/500 na tundu la f/16. Ukitia filamu ya ISO 400 saa sita mchana Dar, hesabu yake ni 1/500 kwa f/16 hasa. Yaani umefika ukutani, huna pa kwenda tena, na ufukwe mweupe bado haujaongezeka. Basi mchana tumia ya 100 au 200, ya 400 iweke kwa ajili ya vivuli, masoko ya ndani na jioni. Na anza na nyeusi na nyeupe, kwa sababu unaweza kuisafisha mwenyewe bafuni kwa tangi dogo na dawa mbili tatu. Studio za mtaani zilizokuwa zinasafisha filamu, nyingi siku hizi ni picha za pasipoti na kudurufu vyeti.

Najua hoja itakayokuja. "Leica haishuki bei. Ni akiba. Ukichoka unauza." Ni kweli, na sibishani na hesabu hiyo. Lakini isome vizuri uone inasema nini: inakuambia nunua kitu huku ukimfikiria mtu utakayemuuzia. Kamera ya akiba inakaa kabatini siku ya mvua. Haipandi daladala. Haiachwi kwenye mchanga mtoto akilia. Na wewe unayejifunza unahitaji hasa mvua, daladala na mtoto.

Hoja ya pili ni kwamba simu inatosha. Kwa watu wengi inatosha, na kama inakutosha baki nayo, utaokoa hela. Mimi nazungumza na wale walioamua tayari.

Kanuni yangu basi ni rahisi. Chukua fedha zote ulizonazo, uzigawe mara mbili. Kamera isizidi nusu. Nusu ya pili ni filamu, dawa na tangi. Kama nusu haitoshi kununua kamera unayoitamani, hiyo kamera si ya kwako kwa sasa. Itakusubiri, haina miguu. Wasiosubiri ni watu.

Siku hizi natembea na Canonet yenye mkwaruzo ubavuni, na mwaka huu nimeshamaliza filamu ishirini na mbili. Mama yangu naye ameanza kusuka ukili barazani, mikono ile ile ya bibi. Mwezi uliopita nilimpiga filamu nzima kwa asubuhi moja. Picha thelathini na sita, na nyingi ni mbovu. Katikati ya filamu akaniuliza kama sina kazi nyingine ya kufanya.

Sina, mama. Geuka kidogo huku.