Bunia: mtoto anayelia kwenye chumba cha bendeji, asiambiwe tu «vumilia»

Kila aliyelinda mgonjwa hapa Bunia anaijua ile sauti. Si upasuaji mkubwa: jipu linapasuliwa, kidonda kinashonwa, bendeji ya mtoto aliyeungua na uji inabadilishwa. Sindano ya ganzi imepigwa, lakini mtoto analia mpaka barabarani. Watu wanasema atazoea. Wengine hawazoei. Mama anarudi naye kambini Kigonze, na siku ya bendeji ikifika hawaonekani tena. Kidonda kinaoza ndani ya hema.

Huko Marekani, katika miaka ya 1990, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Hunter Hoffman na David Patterson, walianza kuwavalisha watu walioungua miwani ya kompyuta wakati wa kusafishwa vidonda. Ndani yake mgonjwa anajiona katika bonde la barafu, anarusha matonge ya theluji. Dawa ya maumivu hakunyimwa. Miwani iliongezwa tu. Wagonjwa wakasema uchungu umepungua. Si uchawi. Uchungu unataka akili iuangalie. Akili ikipata kazi nyingine, uchungu unakosa nafasi. Leo miwani hiyo inatumiwa hata katika upasuaji mdogo, mgonjwa akiwa macho.

Kuna watakaocheka: glavu zinakosekana, nyinyi mnataka miwani? Wana haki nusu. Ganzi ya kutosha itangulie, na miwani isiwe kisingizio cha kupunguza dawa. Lakini miwani mingine ni kasha tu la kutia simu, na simu inachajiwa na jua. Tena hapa shida si ngozi peke yake. Kwenye kliniki Salama, ambako MSF inasaidia upasuaji, wanafikishwa watu wa Djugu wenye majeraha ya risasi na mapanga. Kwa mtoto aliyeona panga likifanya kazi, kisu cha daktari si kisu cha daktari.

Ndiyo maana picha zichaguliwe hapa hapa. Theluji yetu ni ile ya Ruwenzori, na ni wangapi wameiona? Afadhali ziwa Albert, mitumbwi ya Tchomia, ng'ombe kwenye vilima. Lakini hata hapo, aliyekimbia Tchomia huenda akalia zaidi akiiona. Aulizwe kwanza. Na michezo ya bunduki, hapana kabisa.

Kuna yasiyongoja miwani. Mahali pengi mama anafukuzwa nje mlango unapofungwa. Aachwe asimame kichwani pa mtoto, amwimbie, amhesabishe vidole. Muuguzi aseme anachotaka kufanya kabla ya kugusa.

Idara ya afya ya jimbo na mashirika yenye umeme wa jua wangejaribu katika chumba kimoja tu cha bendeji, kwa miezi michache. Watoto wenyewe waonyeshwe nyuso zilizochorwa, ile inayocheka mpaka ile inayolia, waguse ya kwao. Na wahesabiwe wanaorudi.