Kitabu Kisichochakaa

Wapo wakusanyaji wanaotaka kitabu cha kale kwa sharti moja: kiwe safi. Wakikuta kwa muuza vitabu vikuukuu wa Arusha nakala ya Advanced Level Physics cha Nelkon na Parker, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1958, au Ordinary Level Physics cha Abbott, cha mwaka 1963, hutazama jalada, kisha mwaka, kisha huuliza kama ndani mna maandishi ya penseli. Yakiwamo, bei hushuka; na asiyetaka ishuke hushika ufutio.

Ufutio huo ni adui wa elimu.

Kitabu cha kiada huandikwa ili kichakae. Mwanafunzi wa sekondari wa Kitanzania, anayefundishwa fizikia kwa Kiingereza, hukisoma mara mbili: kwanza aielewe lugha, kisha aielewe fizikia. Kazi zote mbili hukutana pambizoni. Huyu huandika “nguvu”, mrithi wake akaikata na kuweka “kani”. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990; kabla yake, penseli ndiyo iliyokuwa kamusi.

Tena penseli hubisha. Maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hapo ni usawa wa bahari. Arusha, mita 1,400 hivi juu, huchemka karibu na 95. Kileleni Meru, mita zipatazo 4,560, karibu na 85. Anayeandika “si kwetu” kando ya ile 100 ameianza sayansi. Ndivyo alivyoanza Erasto Mpemba, aliyeona mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yasiyochemshwa. Mwalimu alimwambia amekosea. Mwaka 1969, akiwa chuoni Mweka, karibu na Moshi, makala yake na Denis Osborne ilichapishwa, na wanasayansi wanaibishania hadi leo.

Mkusanyaji atajitetea: bila yeye, kurasa zingefungiwa karanga. Kweli, na kwa hilo ashukuriwe. Lakini je, kuna faida gani kukiokoa kitabu na muuza karanga, kisha kumfuta msomaji wake? Anunue, ahifadhi, ila asifute; na akikipeleka ng’ambo, aache hapa nakala ya kurasa zilizoandikwa. Kitabu safi humtaja aliyekichapa. Kilichochakaa humtaja aliyekisoma, na huyo ndiye ambaye historia haijamwandika kwingine.