Makovu ya Kununua

Kuna biashara ambayo nusu yake hainiingii akilini. Tangu mwaka 1995 kampuni ya Fender ya Marekani huuza magitaa mapya ya umeme yaliyochakazwa makusudi: rangi hukwanguliwa, ncha hugongwagongwa, vyuma hutiwa kutu. Na bei yake, ati, huishinda ya gitaa la kawaida linalong'ara!

Mnunuzi hadanganywi, huambiwa wazi. Tena nakiri kwamba shingo iliyolainishwa hukubaliana na mkono upesi, na mwenyewe haogopi mchubuko wa kwanza.

Lakini makovu hayo ni ya nani? Rory Gallagher wa Ireland alinunua gitaa lake la Stratocaster mjini Cork mwaka 1963. Liliibwa, likapatikana limetupwa na kunyeshewa. Kisha jasho lake likaila rangi mpaka alipofariki mwaka 1995. Liliponadiwa London mwaka 2024 lilipita pauni 800,000. Fender nao walikwisha kuyanakili makovu yale, wakayauza.

Kijana ayanunue akipenda, ila asituambie kuwa aliyapata ukumbini. Mimi wangu ningempa gitaa jipya, nikamwacha alichakaze mwenyewe.