Fizikia 'haina pesa'? Ngoja nikupe stori ya fuwele

Nikikwambia kuna elektroni zinazokimbia ndani ya fuwele kana kwamba hazina uzito hata kidogo, utaniuliza nini kwanza? Wacha nikisie: "Sasa hiyo itanisaidia na nini?" Sikulaumu. Kodi ya nyumba haingoji mtu, na hili jiji limetufunza kupima kila kitu kwa shilingi. Lakini swali hilo likitangulia mengine yote, linatunyima mengi kuliko tunavyodhani.

Chukua mchanganyiko wa zebaki, kadimiamu na teluriamu. Mwaka wa 1959, watafiti wa maabara ya rada ya serikali ya Uingereza kule Malvern walitangaza kwamba ni semikondakta inayoweza kunasa mwanga wa infraredi, ule ambao mwili wako wenye joto unautoa sasa hivi lakini macho hayauoni. Wanajeshi wakaupenda haraka, kwani adui aliyejificha gizani anaonekana. Baadaye ukaingia kwenye setilaiti. Hata darubini ya James Webb iliyorushwa angani Desemba 2021 ina vitambuzi vya mchanganyiko huo huo.

Basi ungedhani kufikia 2014 hakuna jipya la kutafuta hapo. Kazi yake inajulikana, soko lipo, mambo kwisha. Lakini mwaka huo, kikundi kilichoongozwa na Marek Orlita katika maabara ya sumaku kali mjini Grenoble, Ufaransa, kilichapisha matokeo kuhusu fuwele hiyo, iliyokuzwa Novosibirsk, Urusi. Hawakuwa wanatengeneza kamera. Walitaka kujua elektroni zinafanya nini humo ndani.

Sikiza, hapa ndipo utamu ulipo. Ndani ya semikondakta kuna pengo la nishati ambalo elektroni lazima iruke. Katika fuwele hii, pengo likiwa dogo, elektroni nayo hutenda kana kwamba ni nyepesi. Kadimiamu ikichukua karibu asilimia 17 ya nafasi za zebaki, pengo linafungika kabisa. Hapo elektroni inaanza kufanya kama mwanga: iwe na nishati kidogo ama nyingi, mwendo wake ni ule ule, takriban kilomita 1,000 kwa sekunde. Si kwamba imepoteza uzito milele. Itoe nje ya fuwele, uzito wake utaupata palepale. Ni mazingira tu yameibadilisha.

Walijuaje? Waliipoza fuwele hadi karibu nyuzi 270 chini ya sufuri, wakaiweka kwenye sumaku kali, wakapitisha mwanga wa infraredi, kisha wakatazama ni sehemu gani ya mwanga inamezwa. Sumaku hupanga nishati za elektroni kama vidato vya ngazi. Kwa elektroni za kawaida, ukiongeza nguvu ya sumaku mara nne, nafasi kati ya vidato pia hupanuka mara nne. Hapa ilipanuka mara mbili tu, yaani kipeuo cha pili cha nne. Hiyo ndiyo alama ya kitu kinachotenda kama hakina uzito.

Miaka 55 fuwele imefanya kazi ya kulinda mipaka na kupiga picha za nyota, na bado ilikuwa na siri. Siri hiyo haikutoka kwa mtu aliyeuliza "ina soko?"

Sasa rudi kwetu. Enzi ya 8-4-4, wengi wetu tulitupa fizikia punde tu tuliporuhusiwa kuchagua. Leo vijana wanaoelekea Gredi ya 10 wanachagua mikondo, na ushauri wanaopewa nyumbani ni ule ule. Binamu yangu alisema anapenda fizikia, mjomba akamjibu kwamba hiyo ni ya kwenda kufundisha tu. Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza kwa sababu karo ilinishinda, kwa hivyo sikuhubirii kutoka kiti cha profesa. Najua pesa ni muhimu. Ninachokataa ni pesa kuwa swali la pekee.

Utaniambia Wafaransa wana pesa za kuchezea. Kweli kabisa, na hapo ndipo ninataka tufike. Sumaku ile hakuinunua mtu kwa mshahara wake. Ni maabara ya umma, na umma ulikubali kulipia swali ambalo jibu lake halikujulikana. Udadisi bila vifaa hubaki maneno matupu. Kwa hivyo mwanasiasa akija mtaani kwako kujipigia debe kwa basari, muulize pia kuhusu maabara. Shule inayofundisha umeme kwa chaki, bila hata betri na balbu, inamfukuza mtoto kwenye somo hilo kisha inasema hana kipawa.

Na wewe uliye na simu, huhitaji kibali cha chuo kusoma. Tangu 1991 wanafizikia wamekuwa wakiweka makala yao bure kwenye arXiv, na makala moja haili bando kama video za usiku mzima. Hutaelewa yote. Hata mimi nasoma ukurasa mmoja mara tatu, nne, ndipo unanifungukia. Poa tu, hakuna mtihani.

Mdogo wako naye akikwambia anataka fizikia, kabla hujamuuliza atalipwa ngapi, muulize anataka kujua nini. Kisha mwache amalize kujibu.