Wanzuki Si Juisi ya Asali: Mabibi Harusi, Ulizeni Kabla ya Kulipa



Leo tunaomba radhi mapema, kwa sababu tutasema kwa ukali kidogo. Sisi ni watu wa cherehani, kazi yetu ni kushona magauni ya harusi na kupeleka mzigo kwa mwenyewe. Lakini tumeyaona ya kuona Tabora, na tukinyamaza tutakuwa washiriki.

Tulimshonea bibi harusi wa Tabora aliyekuwa anaolewa huku Unguja. Tukavuka bahari, tukapanda gari, tukafika na magauni yetu siku mbili kabla ya sendofu. Mpishi wa sherehe alikuwa ameandaa meza aliyoiita "Ladha za Msafara": bia za kienyeji ndani ya vibuyu vilivyopambwa, na katikati sufuria ya jibini ya kuyeyusha, ile fondyu ya Uswisi, watu wachovye vipande vya mkate. Kwenye meza ya wazee wakaweka majagi yenye kibandiko "Asali ya Tabora".

Bibi yake bibi harusi, mtu mzima wa swala na tasbihi, akanywa gilasi mbili. Akasifu, akaomba ya tatu. Kijana wa kuhudumia akamwinamia sikioni akamwambia, "Bibi, hii ni wanzuki." Yule mama hakusema neno. Aliweka gilasi chini, akainuka, akaenda kusukutua. Hakurudi ukumbini. Ndiye aliyekuwa amtie mjukuu wake hina asubuhi yake, na hina ile ikatiwa na mtu mwingine.

Masheikh wetu wametufundisha kwamba asiyejua hana dhambi, na yeye analijua hilo kuliko sisi. Lakini aibu haisikii fatwa. Mwanamke ametunza kinywa chake miaka yote, akavunjiwa heshima kwenye harusi ya damu yake, kwa kibandiko cha uongo.

Tulipomuuliza yule mpishi, alitupa majibu matatu. Tunayaleta hapa kwa sababu tunayasikia kila mahali siku hizi.

La kwanza: "Ni asali tu, na asali ni dawa." Kweli, asali imetajwa kwa shifaa katika Suratun Nahl, na asali ya misitu ya miombo ya Tabora ni fahari ya nchi nzima. Lakini wanzuki ni asali iliyotiwa maji na kuachwa ichachuke hadi ileweshe. Na suala hili si jipya, dada zetu. Abu Musa al-Ash'ari, radhi za Allah ziwe juu yake, alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume s.a.w. kuhusu vinywaji vya watu wa kule, kimoja cha asali na kingine cha nafaka. Hakuambiwa kwamba cha asali kina nafuu. Alijibiwa kwamba chochote chenye kulevya ni haramu. Wanzuki na pombe ya mtama zimejibiwa tangu zama hizo.

La pili: "Pombe ya kwenye fondyu inaisha motoni." Fondyu ya asili hupikwa kwa mvinyo mweupe, na wengi huongeza pombe kali ya matunda iitwayo kirsch. Moto hauondoi kilevi chote, na jibini ile huyeyushwa taratibu kwa moto mdogo. Hata kama kingeisha, nani alikupa ruhusa ya kuutia mvinyo kwenye chakula changu bila kuniambia? Na mvinyo wenyewe si lazima. Kazi yake kubwa mle ni ule uchachu wake, unaosaidia jibini iyeyuke laini bila kushikana mabonge. Ndimu ina uchachu, na unga laini wa mahindi unasaidia kushikilia. Maziwa, ndimu, unga kidogo, na fondyu imekaa sawa.

La tatu, ndilo lililotuudhi zaidi: "Huu ni utamaduni wa njia ya misafara." Jamani! Njia ile kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji ndiyo njia ambayo Uislamu ulipitia kuingia bara. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndani ya Unyanyembe, mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waislamu wa pwani na wa Oman wamekwisha jenga nyumba. Sisi wa visiwani tuna ndugu Tabora kwa sababu ya njia hiyo. Njia ilikuwa na machungu yake, watumwa walipitishwa humo, na hilo hatulifichi. Lakini usituambie kwamba pombe ndiyo historia yake, halafu Waislamu wake ukawasahau.

Na kwa kuwa sisi ni mafundi, tuseme na la nguo. Kwenye njia ile nguo ilikuwa fedha. Merikani na kaniki zilipimwa kwa mkono: mikono minne shuka moja, shuka mbili doti moja. Aliyetoa doti pungufu alijulikana ni mwizi. Sasa wewe unayeita wanzuki "asali", una tofauti gani naye? Sisi tukiuza poliesta tukaiita hariri, mteja atatutoa ushungi sokoni, na ana haki.

Tuwe waadilifu. Tabora wako majirani wasio Waislamu, na wanzuki ni kinywaji chao. Hatuna ugomvi na mama anayepika wanzuki akasomesha watoto. Yeye anaiita kwa jina lake, na jina lenyewe lina nyuki ndani yake, kila mtu wa Tabora analijua. Ugomvi wetu ni na anayebadilisha jina ili meza ipendeze kwenye picha.

Na tujiseme wenyewe pia. Orodha ya vyakula tulitumiwa kwenye simu wiki mbili kabla, kwa ajili ya kulinganisha rangi za vitambaa vya meza na magauni. Tuliona neno "bia". Tukasema haituhusu, tusije tukakosana na mpishi anayetuletea wateja. Ilituhusu. Yule bibi alikuwa amevaa nguo tuliyomshonea sisi.

Basi mabibi harusi, na nyinyi masomo na makungwi wao, kabla hamjatoa hata shilingi ya utangulizi, ulizeni. Kinywaji hiki kimetengenezwa lini, na kwa nini? Kwenye chakula kuna mvinyo? Jibini imegandishwa kwa nini, maana nyingine hutumia kigandishi cha tumbo la ndama, na ndama huyo alichinjwa vipi? Nani atabandika majina kwenye majagi? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Mpishi mwaminifu hatakasirika.

Na ukitaka ladha za Tabora, zipo tele, za halali. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vichovye kwenye samli ya moto na asali, au kwenye hiyo jibini ya ndimu, uone kama utaukumbuka mkate. Maembe, karanga mbichi za kuchemsha. Maji ya asali na ndimu, yakorogwe siku ile ile. Togwa nayo inywewe ikiwa mbichi, isilazwe. Mtume s.a.w. alikuwa akirowekewa tende, akanywa zikiwa hazijaanza kubadilika. Huo ndio mpaka, na mwanamke yeyote wa jikoni anaujua kwa pua yake.

Harusi ni ibada. Mgeni wako akiinua gilasi akasema Bismillah, amekuamini wewe. Usimfanye ainuke ukumbini kwenda kusukutua.

Allah atuhifadhi sisi na meza zetu. Amin.